Kuhesabu Bamvua Hounslow

Mwanangu alinipa habari nikiwa nakaanga maandazi. Nafikiri aliuchagua wakati huo makusudi, maana mtu mwenye karai la mafuta ya moto mbele yake hawezi kuinuka na kugomba. Alisimama mlangoni mwa jiko letu dogo la Hounslow, mkoba bado uko begani, akaniambia kuwa chuo kimempatia nafasi ya kwenda kisiwa kimoja cha bahari ya Mediterania, tangu Aprili hadi Oktoba, kusoma habari za nyasi za baharini.

"It's basically gardening, Mama," alisema. Mwanangu kazaliwa hapa London. Kiswahili anakisikia chote, hata kile nisichotaka akisikie, lakini akijibu hujibu kwa Kiingereza.

Nikamwuliza nyasi hizo zina nini hata mtu akazisomee. Akasema zinaliwa zinakwisha. Zinaliwa na nani? Hapo akaangalia chini, akakunja ngumi moja, na kwa vidole vya mkono wa pili akaonyesha miba inayochomoza kila upande wa ile ngumi.

Nilizima jiko. Maandazi yaliyokuwa karaini yalibaki mabichi ndani, na siku ile hakuna aliyeyala.

Mdudu huyo namjua. Kwetu, pwani ya mashariki ya Unguja, karibu kila kijiji kina jina lake la kumwita, na mimi sitaki ugomvi na watu wa kijiji cha pili, basi hapa nitamwita mdudu wa miba. Wapo wafupi wa miba, wanaotembea na majani na vigae vya kombe kichwani. Na wapo weusi, wenye miba mirefu inayokatikia ndani ya nyama. Hao weusi ndio waliomshika dada yangu.

Dada alikuwa ameshaposwa, na sanduku lake la harusi lilikuwa limeanza kujaa. Yeye na mama walikuwa wakilima mwani. Shamba la mwani lilikuwa mbali, ng'ambo ya mkondo, na wanawake walikuwa wakienda siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa sababu siku hizo maji hukupwa mpaka ukadhani bahari imehama. Lakini siku hizo hizo, maji yakianza kurudi hurudi mengi na hurudi mbio. Mimi nilikuwa mtoto, nimekaa ufukweni na majamvi ya kuanikia. Niliwaona wakirudi, mmoja nyuma ya mwingine, na dada alikuwa wa mwisho, gunia kichwani. Katikati ya mkondo alikanyaga wale weusi, na hawakuwa mmoja wala wawili, walikuwa wamejazana chini. Akaanguka, akaangukia wengine, na kila alipojaribu kusimama aliwakanyaga tena. Mama alikuwa ameshavuka. Alirudi kumfuata mpaka maji yakamfika shingoni, wenzake wakamvuta. Dada tulimpata maji yalipokupwa tena.

Mama hakushuka tena pwani. Nyumba yetu ilikuwa na mlango wa nyuma unaotazama bahari, akaita fundi akauziba kwa matofali. Na watu wakasema ni kijicho. Sanduku la harusi lilionyeshwa wageni kabla ya wakati wake, mwenye jicho baya akaliona. Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba yetu kwamba jambo la heri halisemwi mpaka limekwisha, na mtoto anayekwenda mahali pa hatari hatajwi kabisa.

Mwanangu alijua kwamba mama yake mkubwa alikufa maji. Habari ya wadudu sikumwambia. Nilidhani haina haja, nimemlea Hounslow, ambako maji makubwa aliyokuwa akiyaona ni ya dimbwi la kituo cha basi.

Sikumkataza kwenda. Ningewezaje? Angekwenda tu, na angekwenda na uchungu. Nilimpa masharti mawili. La kwanza, kila atokapo majini anipigie picha ya nyayo zake na kunitumia, ili nione hazina miba. Akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, we wear boots," alisema, lakini akakubali. La pili, asiingie majini siku za bamvua. Nilimwambia kwamba nitamtajia siku zenyewe kila mwezi, na siku hizo akae nchi kavu afanye kazi za mezani. Hapo hakucheka. Alinitazama kwa adabu, akasema atajaribu, na hakuuliza kwa nini. Baadaye ndipo nilipojua alifikiri nini.

Akaondoka. Watu wakiniuliza yuko wapi, nikasema yuko kozi. Msikitini, kozi. Kaka yangu alipopiga simu kutoka nyumbani, kozi. Neno hilo lilinifaa sana, maana hakuna anayeuliza kozi ya nini, wanaogopa utawaeleza.

Basi nikaanza maisha ya kuhesabu mwezi. Mbingu ya Hounslow haikupi mwezi wa kutegemea. Ukiona kitu kinang'aa huko juu ni ndege inatua. Nilikuwa na kalenda niliyopewa kwenye duka la nyama, yenye tarehe za Kiislamu pembeni, nikaitundika karibu na jokofu, na kila mwezi nikawa nampelekea mwanangu ujumbe: kesho bamvua inaanza, pumzika. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana wala kukupwa sana, nililala vizuri, hata kazini niliimba. Mimi nafanya usafi kwenye hoteli moja karibu na uwanja wa ndege, na siku za maji mafu vitanda vyangu vilikuwa vimenyooka kama vya maonyesho. Bamvua ikiingia, mikono ilikuwa haifanyi kazi. Niliwahi kuweka shuka mbili juu ya kitanda kimoja na kuacha cha pili kitupu, msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Picha zikawa zinakuja. Nyayo, kila siku ya kuzamia, zimekunyanzwa na maji, zina mchanga. Nilikuwa nikizivuta kubwa kwenye simu nikizikagua kidole kwa kidole. Wakati mwingine pembeni mwa nyayo palikuwa na vitu vingine, na kwa ajili ya vitu hivyo tukawa tunazungumza. Siku moja yalikuwepo madonge ya nyuzinyuzi, ya rangi ya kahawia. Nikadhani ni makumbi ya nazi, nikamwuliza nani anafua makumbi huko. Akasema ni zile nyasi zenyewe, mizizi na majani makavu ambayo mawimbi huyaviringisha mpaka yawe mpira na kuyatupa pwani.

Akanieleza kuwa nyasi hizo si mwani. Zina mizizi, zina maua, na shina lake hutambaa chini ya mchanga polepole mno, kwa mwaka halifiki urefu wa kidole. Kwa hiyo yakiliwa majani mtu anaweza kungoja yaote, lakini likiliwa shina, anayelipanda leo hataliona limerudi. Ndani ya nyasi samaki wadogo hujificha, pweza hujificha, na mchana wa jua hutoka mapovu ya hewa mengi kutoka kwenye majani. Alipoyasimulia mapovu yale sauti yake ilikuwa nzuri, nami nikaogopa zaidi. Mtu anayependa kitu hukaa nacho kupita kiasi.

Kazi yake ilikuwa kulaza fremu ya mraba juu ya nyasi, kuhesabu wadudu wa miba waliomo, kupima majani, kisha kuihamisha fremu. Upande mmoja wa ghuba uvuvi umekatazwa, na huko nyasi zinafika gotini. Upande wa pili samaki wakubwa wamevuliwa wote, na wadudu wa miba wamezidi, wanakula mpaka panabaki mabua meusi.

"Samaki ndio wanaowala?" nikauliza.

Akasema ndio, wapo wenye meno ya kuvunja. Akaniuliza kama kwetu wapo samaki wa namna hiyo.

Nikamjibu bila kufikiri kwamba yupo kikande. Kikande ana meno mbele kama ya mtu, nami nimewahi kumwona kwenye maji machache akimpulizia mdudu wa miba maji mpaka ampindue, kisha anamla kwa tumboni, kusiko na miba mirefu. Mwanangu akafurahi, akataka nimweleze zaidi. Akauliza kama vikande bado ni wengi. Nikasema sijui, na nikamwambia chakula kinaniungulia jikoni, nikakata simu.

Sikuwa na chakula jikoni. Nilikaa kwenye kiti nikakumbuka kwamba utotoni mwangu kikande alikuwa samaki wa kuachwa, ngozi yake ngumu, watu hawakumtaka. Kisha zikaja nyavu za matundu madogo na wanunuzi wengi, samaki wazuri wakapungua, na nyumba zote zikawa zinakula kikande. Tulimla kwa mchuzi wa nazi mpaka na yeye akawa haonekani. Na baada ya hapo ndipo wanawake walipoanza kulalamika kwamba mkondo umejaa weusi, haupitiki. Mambo haya yote nilikuwa nayajua, kila moja mahali pake, na sikuwahi kuyaweka pamoja. Tulimtafuta mwenye kijicho miaka yote hiyo, tukawanunia majirani, na huenda aliyekuwa akimlinda dada yangu tulimla wenyewe. Sikujua hofu hiyo niipeleke wapi.

Ikaja Jumamosi ya mwezi mpevu. Siku mbili kabla yake nilimpelekea ujumbe wangu wa bamvua. Akajibu kwamba safari hii itakuwa vigumu, mwenzake wa kubadilishana zamu anaumwa sikio, lakini atajitahidi. Nikampigia, hakupokea. Nikamwandikia tena kwa herufi kubwa.

Picha za nyayo kwa kawaida zilikuwa zinakuja kabla sijala chakula cha mchana. Jumamosi ile nilikula, au nilijaribu, na simu ilikuwa kimya. Siyo kimya kabisa: kuna namba ya nje iliita mara kadhaa, namba ndefu nisiyoijua, na mimi namba nisiyoijua siipokei. Wangapi nawajua waliopokea namba za namna hiyo, wakaambiwa wameshinda gari, wakaishia kulia. Nilikuwa naikata kwa hasira, nikisema hawa matapeli leo wameniona mimi tu, niachieni simu yangu ipate nafasi mwanangu anipigie.

Alasiri nikaacha kazi katikati, nikaingia chumba cha mashuka nikafunga mlango. Nilikuwa na hakika. Sikuwa na wasiwasi wala dhana, nilikuwa na hakika kabisa. Nilimwona amelala chini kwenye majani, nyayo zake zimejaa weusi, maji yanazidi kupanda juu yake. Nikawa naona uso wa dada, kisha uso wake, na sikuweza kuzitenganisha nyuso mbili zile. Na jambo lililonitesa zaidi ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia. Wote nilikuwa nimewaambia yuko kozi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa mwenzangu wa kazi, mama mmoja wa Bukavu, mpana na mwenye sauti ya kanisani hata akiomba sabuni.

"Mama, uko unalia juu ya nini?" akauliza. "Mutoto iko wapi?"

Sikuwahi kumwambia lolote. Lakini swali lilipiga pale pale palipouma, nikamwambia yote, bahari, wadudu, bamvua, dada. Nilisema kwa haraka na bila mpango, na nilipomaliza nikamshika mkono nikamwomba asimwambie mtu.

Alinitazama kwa mshangao mkubwa. "Kwa nini nisiseme? Mutu anabeba kitu kama hii peke yake?" Akafungua mlango, akatoka ukumbini, akaita kwa nguvu, "Bamama, mukuye! Mukuye tuombe! Mutoto ya huyu mama iko ndani ya bahari!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Miaka yote ya kuficha, na sasa anatangaziwa kila mtu wa ghorofa nzima. Wakaja kweli, na aproni zao, wakanizunguka, wengine hata Kiswahili hawakijui, mmoja Msikhi wa makamo anayetokea Hayes akasimama pembeni ameinamisha kichwa. Mama wa Bukavu akaomba kwa sauti ambayo nadhani ilisikika mapokezi. Mimi nikawa nasoma Ayatul Kursi chini kwa chini, ili nifute yale macho yote yaliyokuwa yanamwona mwanangu.

Simu ikaita. Namba ile ile.

"Pokea," akasema mama wa Bukavu.

Nikamwambia ni matapeli. Akaninyang'anya simu, akaibonyeza, akaniwekea sikioni.

"Mama! Mama, why won't you pick up?"

Nilikaa sakafuni. Simu yake ilikuwa imedondoka kutoka kwenye boti tangu asubuhi. Alikuwa akinipigia kwa simu ya mwenzake, mara kwa mara, akijua kwamba nitakuwa nahesabu. Alikuwa mzima. Nyayo zake zilikuwa nzima. Akaniuliza kelele hizo ni za nani, nikamwambia ni watu wanaomwombea. Akauliza kama watu wote hao wanajua. Nikasema wanajua.

Sentensi yangu ilikuwa tayari tangu mwezi wa nne: rudi nyumbani. Ilikuwa mdomoni. Lakini kilichotoka kilikuwa hasira. "Nilikwambia usiingie! Nilikwambia leo bamvua!"

"Mama, I know you fast on those days," akasema, "lakini kwa nini mimi nisiingie majini?"

Maneno hayo ya mwisho aliyasema kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanya akiwa ameishiwa. Kumbe miezi yote ile alidhani ninamwambia habari za saumu, zile siku nyeupe za katikati ya mwezi ambazo kweli huwa nafunga nisipokuwa na zamu, na zile za mwandamo akazihesabu humo humo. Alidhani ni heshima ya dini, na alikuwa akibadilishana zamu na wenzake kwa ajili ya kuniridhisha. Nikamwambia, funga ina nini na bahari? Maji, mwanangu. Bamvua maji yanajaa mbio. Nikamsimulia habari ya mama yake mkubwa, yote, mkondo na gunia na wale weusi, mbele ya watu waliokuwa bado wamenizunguka.

Nilipomaliza, akasema polepole, "Mama. Huku maji hayajai."

Nikamwambia asinifanye mjinga. Akarudia. Bahari ile imefungwa karibu pande zote, na mwezi hauna nguvu nayo. Maji yake hupanda kiganja kimoja, yakashuka, hata watu wa pale hawana habari nayo. Fremu yao wakiilaza asubuhi, jioni wanaikuta ina kina kile kile.

Nilitaka kucheka na nilishindwa. Tangu Aprili nimekuwa nikiitumikia kalenda ya bucha, nikiogopa bamvua kwenye bahari isiyo na bamvua. Mama wa Bukavu aliponiuliza mutoto amesema nini, nikamwambia amesema ni mzima, wakapiga vigelegele, msimamizi akaja kutuuliza kama kuna harusi.

Nikamwuliza mwanangu kama kesho ataingia tena. Akasema kesho wanapumzika, Jumatatu ataingia. Ile sentensi yangu bado ilikuwepo. Nikamwambia avae viatu. "We wear boots, Mama," akasema, na nikasikia kwamba analia.

Watu hudhani kwamba hofu ikishajulikana kuwa ilikosea huondoka. Yangu haikuondoka, ilipoteza kalenda tu. Zamani nilikuwa na siku za maji mafu za kupumua. Sasa bahari yake haina siku mbaya, kwa hiyo haina siku nzuri pia, na mimi naogopa Jumatatu sawa na Alhamisi. Lakini jambo moja sikuweza kulibeba tena peke yangu.

Jumapili asubuhi nilimpigia kaka yangu nikamwambia ampe mama simu. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza habari za kozi.

"Si kozi, Mama," nikasema. "Mjukuu wako anazamia baharini. Anasoma nyasi na wale wadudu wa miba."

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu akifagia uwanja.

"Wale weusi?" akauliza mwisho.

"Jamaa zao. Bahari ya Ulaya."

"Maji ya huko yanajaa mbio?"

"Hayajai, Mama. Yanapanda kiganja, basi."

"Hata bamvua?"

"Hata bamvua."

Nikamsikia akimwambia anayefagia aache kwanza. Aliposema alisema taratibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepanga jambo la nyumbani.

"Kumbe ipo bahari ya hivyo," alisema mama. "Dada yako tungemwozesha huko."